Bamvua na ratiba ya redio ya jamii

Ukiiweka ratiba ya vipindi ya redio ndogo ya mji wa pwani kando ya ratiba ya redio kubwa ya Dar es Salaam, mara nyingi utakuta zinafuatana saa kwa saa. Alfajiri mawaidha, asubuhi magazeti, saa nne kipindi cha wanawake, mchana salamu, jioni michezo, usiku mahojiano. Wanaozipima redio za jamii huuliza zaidi kuhusu mada: je, wanazungumzia afya, uvuvi, haki za watoto? Mimi naanza na saa. Redio isiyojua wasikilizaji wake wako wapi saa nne asubuhi haijawa redio yao bado, hata mada zake ziwe nzuri namna gani.

Tuichukue hiyo saa nne. Kwenye pwani yetu, tangu Tanga hadi Mtwara, pamoja na Unguja na Pemba, siku za bamvua, yaani zile ambazo maji hujaa na kupwa kupita siku nyingine, maji hupwa kabisa mnamo saa nne au saa tano asubuhi. Tofauti kati ya maji yaliyojaa na maji yaliyokauka hufika mita tatu hadi nne, na bahari huvuta mbali ikaacha wazi mchanga, majani ya baharini na miamba. Hapo ndipo kina mama walipo. Mwenye shamba la mwani ameondoka nyumbani mapema, na ana saa chache tu za kufanya kazi kabla maji hayajarudi. Kamba zake zimenyooshwa kati ya vigingi. Anafunga vipande vya mbegu kimoja kimoja, anaondoa uchafu ulionasa, anaokota mwani uliokatika kabla haujachukuliwa na mkondo. Maji yako magotini, mikono yote miwili ina kazi, na simu ameiacha nyumbani kwa sababu ikiingia maji ya chumvi haitengenezeki. Mwenzake yuko mwambani anatafuta pweza. Wengine wanatanda dagaa kwa kitambaa, wawili wawili. Na wakati huohuo, studioni, mgeni kutoka ofisi ya maendeleo ya jamii anaeleza namna vikundi vya wanawake vinavyoweza kupata mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri. Maelezo ni mazuri na yanahitajika. Waliokusudiwa wako baharini.

Wiki moja baadaye yamekuja maji mafu, na mambo yamegeuka. Kwa kuwa kupwa na kujaa huchelewa takriban dakika 50 kila siku, saa ya maji makavu imeshasogea hadi alasiri, na maji yenyewe hayavuti mbali. Asubuhi hiyo kina mama walewale wako nyumbani au sokoni, na redio inasikika vizuri. Kwa hiyo kipindi kilichofungwa kwenye saa moja ya ukutani huwapata wiki hii, huwakosa wiki ijayo. Mwandaaji anaona simu zimepungua, anahitimisha kwamba mada imewachosha wasikilizaji, anabadilisha mada. Mada haikuwa na kosa lolote.

Wavuvi nao wana saa yao, na hiyo huenda na mwezi. Wanaovua dagaa kwa taa hufanya kazi usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kali samaki hawaifuati taa, na vyombo vingi hupumzika pwani siku kadhaa, watu wakishona nyavu na kukarabati boti. Siku hizo za mbalamwezi ndizo za kufanya mjadala mrefu wa usiku kuhusu nyavu, leseni za vyombo au mgogoro kati ya wavuvi wenyeji na wageni wa dago, wale wanaopiga kambi mbali na kwao kufuata samaki, kwa sababu wanaohusika wako nyumbani na wana muda. Usiku wa giza kazi ya redio ni nyingine kabisa. Mawimbi ya FM hayazibwi na vilima yakipita juu ya bahari, kwa hiyo mnara wa mji mdogo husikika mbali kwenye maji kuliko unavyosikika nchi kavu upande wa bara. Nahodha aliyeko nje anaisikia redio ya kwao. Anachohitaji saa nane za usiku ni upepo umesemwa vipi kwa alfajiri, na sauti ya mtu aliye macho.

Nimeshasikia pingamizi la watu wa redio wenyewe, na ni la haki: msikilizaji hupenda kipindi chake kiwe na saa inayojulikana, na mtoa tangazo hulipia saa hiyo. Ukiihamisha kila wiki, utawapoteza wote wawili. Lakini tazameni Ramadhani. Ikiingia, kila redio ya pwani hupangua ratiba yake yote, daku inapata vipindi, futari inapata vipindi, michezo inasogea, na hakuna msikilizaji anayepotea. Hata wadhamini hufuata bila kunung'unika. Watu wa pwani hawahitaji kufundishwa kuishi na saa zinazohama, maana kazi zao zinahama kila siku. Majedwali ya kujaa na kupwa kwa maji hutolewa kwa mwaka mzima kabla mwaka haujaanza. Redio inaweza kuandika ratiba mbili, ya bamvua na ya maji mafu, ikatangaza kila baada ya wiki kwamba leo tunahamia nyingine. Kinachotakiwa ni uamuzi wa mhariri wa vipindi na karatasi moja ukutani.

Nimekaa sana kwenye saa kwa sababu ndiyo haizungumzwi. Ila saa ikishapangwa vizuri, linabaki swali la nini kisemwe, na hapo kwangu hakuna mahali pa kuanzia kama diko, pale samaki wanaposhushwa na kunadiwa.

Asubuhi vyombo vinapoingia, samaki hutandazwa chini, mnadi husimama juu yao na kuanza kupiga bei. Madalali wamekaa karibu, simu mkononi. Wanajua nguru au jodari anauzwa kiasi gani Tanga mjini na Feri, Dar es Salaam. Nyuma yao wamesimama mama karanga, wale wanaonunua ndoo moja kwa kuchangiana, wakagawana mafungu, wakaenda kukaanga na kutembeza mitaani. Wao wanajua bei ya pale walipo tu. Mnada unakwisha kwa dakika chache na faida imeshaelekea upande wa mwenye taarifa. Redio ya mji huo ikimweka mtu mmoja kwenye kila diko la wilaya, mwenye simu ya kawaida, apige studioni saa ya mnada aseme ndoo ya dagaa imeanzia wapi na imeishia wapi, mama karanga wa diko la pili ataingia mnadani akijua kilichotokea diko la kwanza. Bei hubadilika, ndiyo, na ya saa moja haiwezi kuwa ya saa tatu. Bado kiwango cha kuanzia na cha kuishia kinatosha kumpa mtu ujasiri wa kukataa.

Kipindi hicho cha dakika kumi kina thamani kuliko saa nzima ya magazeti ya Dar es Salaam yanayosomwa kwa sauti. Nalisema hili kwa heshima kwa wasomaji wa magazeti. Habari za taifa zina redio nyingi za kuzisema. Bei ya diko la mji mdogo haina mwingine wa kuisema.

Na ndiyo maana haisemwi kirahisi. Kipindi cha namna hiyo kinagusa fedha za watu. Baada ya bei atakuja msikilizaji kuuliza ushuru wa diko umekusanywa kiasi gani na choo cha pale kimevunjika tangu lini. Mwingine atauliza kwa nini kokoro, ule wavu wa kukokota, limekatazwa na bado linaonekana. Maswali hayo yanaelekea kwa diwani, kwa mtendaji, kwa kikundi cha BMU kinachosimamia rasilimali za bahari, na wakati mwingine kwa mtu anayefahamika na kila mmoja. Katika mji mdogo mtangazaji husali msikiti mmoja na anayemhoji, na watoto wao husoma darasa moja. Redio kubwa haiujui uzito huo. Hapohapo, mteja mkubwa wa matangazo wa redio ndogo mara nyingi ni halmashauri yenyewe, au shirika linalofanya kazi kwa karibu na halmashauri. Sidhani kama ni woga wa mtu mmoja mmoja unaozifanya redio nyingi zibaki na mada laini. Hesabu ya mwisho wa mwezi inatosha kuzinyamazisha.

Historia ya eneo letu inaonyesha kwamba watawala walielewa mapema nguvu ya redio ya karibu. Kenya ilianzisha redio ya jamii Homa Bay, kando ya Ziwa Victoria, mwaka 1982 kwa msaada wa UNESCO, ikitangaza kwa lugha ya watu wa pale. Mwaka 1984 serikali iliifunga. Tanzania kwa miaka mingi ilikuwa na sauti moja tu ya taifa, na haikuwa sauti mbaya: kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwakusanya watu wazima wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza vijijini, wakiwa na vitabu na kiongozi wa kikundi, na waliposikiliza walitoka wakachimba vyoo na kufyeka vichaka kuzunguka nyumba. Huo ndio mfano ninaopenda watayarishaji wa leo waukumbuke. Redio ilikuwa moja tu, mbali sana, lakini usikilizaji ulikuwa wa pamoja na uliishia kwenye jembe. Leo tuna leseni za maudhui za TCRA, mamlaka ya mawasiliano, zinazofika hadi ngazi ya jamii, tuna vituo Pangani, Micheweni, Tumbatu, Makunduchi na kwingineko, na mtu anasikiliza peke yake kwa waya wa masikioni. Mnara umesogea karibu na msikilizaji, na vile vikundi vimeondoka. Kuvirudisha hakuhitaji teknolojia yoyote. Vikundi vya mwani vipo, vikoba vipo, BMU zipo, madrasa zipo. Kinachokosekana ni kipindi kinachowaambia: sikilizeni pamoja, jadilianeni, tupigieni kesho mtuambie mmeamua nini.

Nitaligusa suala la miradi kwa ufupi kwa kuwa wahusika wote wanalijua. Vipindi vingi vya redio za jamii huzaliwa na fedha za mfadhili na hufa na fedha hizo. Msimu huu mabadiliko ya tabianchi, msimu ujao lishe, unaofuata ukatili wa kijinsia, kila kimoja kwa vipindi 12 au 24, wimbo wake na nembo yake. Mada zote ni za kweli. Tatizo ni kwamba msikilizaji aliyeanza kuzoea kupiga simu kuhusu jirani anayempiga mkewe anakuta siku moja kipindi hakipo, na hakuna aliyemwambia kwa nini. Imani aliyokuwa ameijenga haiwezi kuhamishiwa kwenye mradi wa lishe. Mfadhili mwenye nia njema angeifaidisha redio zaidi akilipia umeme, fundi mitambo na mishahara ya watu wawili kwa miaka mitano, akawaachia vipindi wenyewe.

Kuna vipindi ambavyo havijawahi kuhitaji mradi. Matangazo ya vifo ni kimojawapo. Nimewasikia vijana waliotoka vyuo vya uandishi wa habari wakiyadharau, wakisema yanaifanya redio ionekane ya kizamani. Wasikilize vizuri. Tangazo la kifo linasema marehemu ni nani, mtoto wa nani, mjukuu wa nani, alikuwa akifanya kazi gani, msiba uko mtaa gani, maziko baada ya sala ya adhuhuri au alasiri, na habari ziwafikie ndugu fulani walioko Muheza, Tanga, Unguja na Mombasa. Ndani ya sentensi tano umepewa ukoo mzima na ramani ya watu walivyosambaa. Anayelileta hulipa kidogo, na mji mzima husimama kusikiliza. Salamu nazo, zile ambazo mtu huwataja ishirini kwa majina na kazi zao, muuza maji, fundi baiskeli, mwalimu mstaafu, zinafanya kazi ileile kwa walio hai. Redio ikiyaondoa hayo ili iweke muziki mfululizo, imeuza kitu ambacho hakuna redio nyingine ingeweza kukitengeneza.

Wapo wanaosema kazi hiyo sasa inafanywa na makundi ya WhatsApp. Ni kweli kwa sehemu. Kundi la mtaa hupeleka habari ya msiba haraka kuliko studio. Lakini kundi lina mlango, lina msimamizi anayekutoa, linahitaji simu ya kisasa na bando, na uvumi hupita humo bila wa kuusimamisha. Mwezi Mei 2024 ulitufundisha jambo. Kimbunga Hidaya kilifika Mafia tarehe 4, mvua zikaharibu barabara ya kusini, Lindi na Mtwara zikakosa njia ya gari ya kufika Dar es Salaam. Kisha tarehe 12, kwa sababu nyingine kabisa, nyaya za baharini zilipata hitilafu na intaneti ikasuasua nchi nzima. Mnara wa FM wenye jenereta na mafuta hautegemei barabara wala waya wa baharini.

Nao una kazi ambayo mamlaka ya hali ya hewa haiwezi kuimaliza peke yake. TMA hutoa taarifa kwa umbali wa kilomita kutoka pwani, kwa kasi ya upepo, kwa urefu wa mawimbi. Ni sahihi na ni lazima ziwe hivyo. Mtangazaji wa hapo mjini ndiye anayejua kuzigeuza ziwe maneno ya kutenda: ngalawa zipandishwe juu ya alama ya bamvua, siyo juu ya maji ya leo, wanaovuka kwenda ng'ambo wavuke kabla ya adhuhuri, waliopiga dago visiwani warudi leo, na nahodha fulani aliye na boti ya mashine amekubali kuwapitia. Ili aaminiwe siku hiyo, lazima awe ameshawaambia upepo kila alfajiri kwa miezi, kusi na kaskazi, hata siku ambazo bahari ni shwari na taarifa haina jipya. Imani ya siku ya kimbunga hujengwa siku hizo za kawaida.

Kumbukumbu ni jambo linalonisumbua zaidi kuliko mengine, labda kwa kuwa haliwezi kurekebishwa baadaye. Redio ndogo hurekodi, hurusha, kisha hufuta ili kadi ipate nafasi. Pangani wapo wazee wanaokikumbuka kisiwa cha Maziwe kikiwa na miti. Kilitangazwa hifadhi ya bahari mwaka 1975, wakati kilipokuwa mahali maarufu pa kasa kutaga. Miti ilikatwa, mchanga ukakosa cha kuushika, na leo ni fungu linaloonekana maji yakipwa na kumezwa yakijaa. Waliokwenda kule kukata kuni, waliokula mayai ya kasa, walioona fukwe zikipungua mwaka hadi mwaka, wanajua mambo ambayo ripoti haziwezi kuyasema kwa namna yao, tena kwa Kimtang'ata, lahaja yao. Kipindi cha kila wiki na mzee mmoja mmoja, kikahifadhiwa kwenye diski mbili zilizowekwa majengo mawili tofauti, kingekuwa mali ya wilaya. Watoto wa shule za pale hufundishwa mmomonyoko wa udongo kwa mifano ya mahali wasikokujua, na mfano wao wenyewe uko mbele ya macho yao, ukionekana na kupotea kwa kila maji.

Haya yote yanarudi kwa watu wanaokaa studioni, wengi wao vijana wa kujitolea, wanaopewa nauli na wakipata uzoefu huhamia mjini. Sioni haki kuwalaumu. Kijana aliyefundishwa kusoma bei ya diko na kumhoji diwani bila kumvunjia heshima ni hazina, na mji mkubwa unamlipa. Halmashauri zinazojisifu kuwa na redio ya jamii wilayani zingeweza kuanza kwa kulipa matangazo yao kwa wakati, kwa bei iliyoandikwa, bila kuulizia kipindi cha jana kilisema nini. Redio zenyewe zingeweza kuanza na kamati ya vipindi. Katika nyingi, kamati hiyo ina mkuu wa kituo, mwakilishi wa shirika, ofisa wa wilaya na kiongozi wa dini. Waongezwe mkulima wa mwani, nahodha na mama karanga, walipwe posho sawa na ofisa, na kikao kiitishwe siku ya maji mafu ili waweze kufika.